Kwale ya Jahazi na Kwale ya Barabara

Msafiri wa zamani hakuwa na shughuli na Diani. Aliyetoka Mombasa kwa jahazi msimu wa kaskazi, akiteremka kwenda Tanga au Pemba, aliuona ule mchanga mweupe kwa mbali na mawimbi yakipasuka juu ya mwamba, na nahodha akazidi kushika njia ya nje. Hapakuwa na bandari. Pa kutia nanga palianzia Gazi, kisha Funzi, kisha mlangobahari wa Shimoni na Wasini, halafu Vanga. Huko ndiko mgeni alikoshuka, na huko ndiko alikokuwa na cha kutazama na cha kusimulia. Mmisionari Ludwig Krapf na mwenzake Erhardt walishika njia hiyohiyo Februari 1850, wakafika hadi karibu na Rasi Delgado.

Wasini ndiyo iliyobaki na sura ya enzi zile. Wavumba walihamia kisiwani wakitoka Vumba Kuu, mji ambao leo ni magofu karibu na Vanga. Kisiwa hakina mto wala chemchemi. Maji ya mvua yamekingwa kwenye mabirika tangu jadi. Nyuma ya kijiji kuna uwanja wa matumbawe ya kale yaliyosimama nchi kavu, marefu kuliko mtu, na bamvua likija bahari hupenya hadi chini yake. Kikundi cha akina mama kimejenga daraja la mbao juu yake na hutoza kiingilio. Mgeni akishazunguka huandaliwa kaa wa kuchemsha na mwani uliotiwa ndimu.

Gazi ilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1895, akashindwa, na mwaka uliofuata akavuka mpaka kwa Wajerumani. Mpaka wenyewe, uliochorwa mwaka 1886 kuanzia mdomo wa mto Umba, ulikuwa umeiacha Vanga pembeni kabisa mwa nchi.

Kilichogeuza mambo ni gari. Feri ya Likoni ilianza mwaka 1937, na kuanzia hapo mgeni akaja kwa nchi kavu. Barabara ya kwenda Lunga Lunga haifuati bandari: Gazi imeachwa kando, na wa Shimoni sharti achepuke Kanana. Bali Diani iko hatua chache tu kutoka Ukunda. Mwamba uliowafukuza manahodha ukawa ndio sifa yake, kwa kuwa ndani yake maji yametulia na watoto huogelea. Miaka ya sabini hoteli zikapangana ufukweni, na Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe mdomoni mwa mto Mwachema karne nyingi kabla yao, ukajikuta ni jirani wa watalii. Bado unasaliwa.

Siku hizi mabasi ya hoteli huondoka Diani alfajiri, yakaipita Msambweni bila kusimama, na kuwashusha watu gatini Shimoni wapande mashua za kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite. Wachache huingia kwenye pango la watumwa. Mimi ningemshauri msafiri aanze upande wa pili: apande matatu mpaka Vanga, kisha arudi Mombasa kituo kwa kituo. Ila wa kwenda Kisite asichague Juni, kusi ikichachamaa.