Ukuta wa Theodosius

Ukuta wa Theodosius ni boma lililolinda Konstantinopoli (leo Istanbul, Uturuki) upande wa nchi kavu, kwa urefu wa kilomita 6 hivi. Ukuta mkuu ulikamilika mwaka 413 chini ya usimamizi wa Anthemius, afisa mkuu wa serikali, kwa kuwa Kaisari Theodosius II alikuwa bado mtoto. Tetemeko la 447 liliangusha minara 57 wakati Attila wa Wahunni akitishia. Ukakarabatiwa kwa takriban miezi miwili.

Nguvu yake ilikuwa mpangilio: adui alikuta kwanza handaki, kisha ukuta wa nje, kisha wa ndani wenye kimo cha mita 12 hivi, wa mawe yaliyopishana na safu za matofali. Waavari walishindwa mwaka 626, Waarabu 717–718. Wapiganamsalaba wa 1204 waliuteka mji kwa kuingia kupitia ukuta wa baharini, hivyo aibu ya kushindwa huko si ya ukuta huu.

Mwaka 1453 mizinga ya Sultani Mehmed II iliubomoa sehemu, na mji ukatekwa tarehe 29 Mei. Walinzi nao walikuwa wachache mno.

UNESCO iliuorodhesha ukuta huu katika Urithi wa Dunia mwaka 1985. Ukarabati uliofuata ulilaumiwa, na tetemeko la 1999 liliporomosha baadhi ya sehemu zilizojengwa upya.