Virunga: Fundisho la Viboko na Wavuvi



Nchi yetu ina misitu mikubwa, maziwa, volkano zinazowaka na milima yenye theluji. Hata hivyo, mara nyingi tunazitaja mali hizo kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani: tunajua wapo, lakini hatujioni kuwa wenye mali. Historia ya Virunga inatuonyesha chanzo cha hali hiyo, na hasara yake.

Tarehe 21 Aprili 1925, utawala wa kikoloni wa Ubelgiji uliunda hifadhi na kuipa jina la Mfalme Albert. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuwalinda gorila wa milimani. Baadaye ilipanuliwa hadi tambarare za Rwindi, Ziwa Edward na mlima Rwenzori, wenye kilele cha mita 5,109. Leo ina kilomita za mraba zipatazo 7,800. Kutoka kwenye theluji mtu hushuka hadi nyika ya tembo, tena hadi msitu wa okapi, mnyama ambaye leo haishi porini katika nchi nyingine yoyote.

Lakini mipaka hiyo haikuwekwa kwa hiari ya wenyeji. Watu waliolima, kuchunga na kuwinda mle waliondolewa. Kwa wengi, hifadhi ikawa mali ya mzungu, kisha mali ya Serikali. Mwaka 1969 ilipewa jina la Virunga, na mwaka 1979 UNESCO iliiandika katika Urithi wa Dunia. Jina lilibadilika, uchungu ulibaki.

Tena tuwatazame viboko. Katika miaka ya 1970 walikaribia 29,000. Vita vilipokuja, watu wenye silaha waliwaua kwa ajili ya nyama na meno, hata kufikia mwaka 2005 hawakutimia 1,000. Nani aliyepata hasara? Kiboko hula majani usiku nchi kavu, na mchana samadi yake huanguka majini, ikarutubisha chakula cha samaki. Viboko walipopungua, na uvuvi usio na mpango ukazidi, wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge waliona nyavu zao zikirudi nyepesi. Mnyama aliyedhaniwa kuwa wa wengine alikuwa akilisha watoto wetu.

Tusisahau walinzi zaidi ya 200 waliouawa kazini, wengi wao wana wa vijiji vya karibu. Kazi yao haikupotea bure. Katika safu ya Virunga, tunayoshirikiana na Rwanda na Uganda, gorila walikuwa kama 250 katika miaka ya 1980. Hesabu ya 2015 na 2016 ilipata 604.

Hatusemi kwamba mama anayepika kwa makala ya msituni ni adui. Anayekosa moto mwingine hawezi kulishwa kwa hotuba. Twasema tu kwamba ulinzi unaomsahau mwanadamu huzaa chuki, na njaa inayoumaliza msitu huzaa njaa kubwa zaidi.

Basi katika kikundi chenu mjiulize: wazee wetu wanakumbuka nini juu ya ardhi hiyo? Nasi tunaweza kufanya nini, hapa tulipo, ili watu na wanyama waishi pamoja?