Utunzahekalu: Mji Mzima Unapopewa Cheo

Muumini wa Nkubu, nchini Kenya, akifika sura ya 19 ya Matendo ya Mitume humkuta karani wa mji wa Efeso akituliza ghasia za mafundi wa fedha. Karani anawakumbusha kuwa mji wao ndio mtunzaji wa hekalu la mungu wa kike Artemi. Wengi hupita hapo haraka, kumbe karani anataja cheo.

Neno lenyewe kwa Kigiriki ni neokoros. Awali lilimhusu mtu, mhudumu aliyesimamia usafi wa hekalu na mali yake. Chini ya Warumi likahamia kwa miji. Katika jimbo la Asia, magharibi mwa Uturuki ya leo, mji ulioruhusiwa kuwa na hekalu la kumwabudu Kaisari kwa niaba ya jimbo zima ulikuja kujiita hivyo. Ruhusa ilitoka Roma, nayo iligombaniwa kwelikweli. Mwaka 26 B.K. miji 11 ilishindania hekalu la Kaisari Tiberio, Smirna ikashinda. Efeso ilionekana ina shughuli ya kutosha na Artemi wake, ikangoja hadi enzi ya Domitiano. Baadaye sarafu zake zilijigamba kwa idadi ya mara ilizopewa cheo hicho: mara mbili, mara tatu. Msemaji Dio wa Prusa aliwaonya watu wa mji wa Nikomedia kwamba Warumi huwacheka kwa kugombea vyeo vitupu.

Kwa Waimenti, wenyeji wa Nkubu, mambo yalikuwa tofauti: amana takatifu ilikaa kwa mtu mmoja, Mugwe. Bernardo Bernardi, padre wa Consolata na mwanaanthropolojia, alichapisha kitabu juu yake mwaka 1959. Mugwe alibariki watu, na mkono wake wa kushoto, wenye nguvu hiyo, haukuonyeshwa hadharani. Heshima hiyo ilifuata ukoo. Hakuna kijiji kilichoweza kujiita Mugwe, sembuse Mugwe mara tatu.

Ndiyo maana tafsiri ya neokoros inasumbua. “Mlinzi wa hekalu” humleta askari wa langoni na rungu lake. “Mtunzaji” linafaa zaidi, ila linabaki kazi tu. Afadhali kuunganisha, kama mpigakura: mtunzahekalu, na cheo chenyewe utunzahekalu. Kwa wingi, “miji yenye utunzahekalu” ni laini kuliko “miji watunzahekalu”. Idadi ya mara nayo isiachwe, kwani ndiyo iliyogombaniwa. Chini ya Elagabalo, Efeso ilijiita mtunzahekalu mara nne. Kaisari huyo alipouawa mwaka 222 na kumbukumbu yake kulaaniwa, ile ya nne ikafutwa.