Kutupa au Kuhifadhi? Historia ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Katika makala hii tunakusudia kueleza asili ya istilahi moja ambayo, ikitafsiriwa kwa kufuata neno badala ya maana, yaweza kumpotosha msomaji. Mafundi wanaotumia Kiingereza huita "utupaji wa kumbukumbu" jambo ambalo kwa hakika ni uhifadhi.

Mwaka 1965, kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilipofungwa katika Wizara ya Fedha, kumbukumbu za mitambo ya zama hizo zilikuwa vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa katika nyaya mfano wa shanga. Umeme ulipozimika, vipete havikusahau. Mtambo ulipokwama, fundi aliyamwaga yaliyomo yote katika karatasi, akayapekua hadi akaliona kosa. Hiyo ndiyo maana ya "kutupa" kwao.

Tangu miaka ya 1970 vipete viliachia nafasi silikoni, ambayo husahau yote umeme ukikatika. Mbinu ikabadilika. Kiini cha programu endeshi kinapoanguka, kwanza huandika nakala ya kumbukumbu katika sehemu maalumu ya diski; mtambo ukiwashwa tena, nakala hurejeshwa katika faili ya kudumu. Katika Linux, tangu mwaka 2005, kiini cha pili huweza kuwekwa tayari pembeni. Cha kwanza kikianguka, cha pili huamka na kuiokoa nakala.

Sasa tumfikirie karani aliye Mbozi Mission, mahali ambapo Wamoravian walifungua kituo mwaka 1899 na Traugott Bachmann akafanya kazi ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Karani huyo akisoma agizo la "kutupa kumbukumbu", ataifuta faili ili apate nafasi. Au, kwa kuwa ofisini kumbukumbu ni za mikutano na majalada, atatupa hata zisizohusika. Fundi akifika kutoka Mbeya, hatakuta ushahidi wa chanzo cha hitilafu.

Kwa hiyo twapendekeza "kuhifadhi nakala ya kumbukumbu" na "kurejesha nakala". Kitenzi kuhifadhi kina faida nyingine: ni kuweka, na pia ni kulinda. Nakala hiyo yaweza kuwa na maneno ya siri na majina ya watu. Haifai kuachwa wazi. Mfasiri hana budi kuujua mtambo kabla ya kulichagua neno.