Kutoka Magoma hadi Simu ya Mkononi: Muuzaji wa Mbinga na Mnunuzi Mlaghai

Katika Umatengo lipo neno ambalo kila mkulima wa kahawa analijua, nalo ni magoma. Mfanyabiashara humpa mkulima fedha, mbolea au chakula wakati kahawa ingali changa mtini, kwa makubaliano kwamba deni litalipwa kwa kahawa wakati wa mavuno. Bei hupangwa siku ambayo mkulima ana shida, na kwa hiyo hupangwa na mtu mmoja. Kagera biashara ya namna hii huitwa butura. Serikali imeipiga marufuku mara kadhaa, nayo hurudi.

Nimeanza na magoma kwa sababu siku hizi tunapozungumzia wanunuzi walaghai, mawazo yetu hukimbilia mtandaoni, kana kwamba ulaghai ulizaliwa pamoja na simu. Mtazamo wangu ni tofauti. Mnunuzi mlaghai amekuwa akiingilia mlango mmoja daima, nao ni kule kusubiri malipo. Mwenye magoma humuuzia mkulima nafuu ya kutosubiri, kwa bei ya kinyonyaji. Mlaghai wa simu humfanya muuzaji aamini kwamba kusubiri kumekwisha.

Wazee wetu waliuona mlango huo. Mwaka 1936 kilianzishwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, makao yake Songea, kwa ajili ya tumbaku. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wameunda KNCU miaka mitatu kabla. Maana ya ushirika, pamoja na mengine, ilikuwa kwamba mkulima mmoja mmoja asikutane peke yake na mnunuzi. Mali ikae katika ghala la chama, ipimwe kwa mizani ya chama, na mkulima abaki na stakabadhi.

Lakini stakabadhi ni karatasi tu endapo aliyeitoa hawezi kulipa. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mazao yakawa chini ya mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ilifungua njia ya kuvirejesha, na Mbinga ikapata chama chake kikuu, MBICU. Kilianguka katika miaka ya 1990, na katika msimu wa 1994/95 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua kahawa moja kwa moja kwa wakulima. Wengi hulaumu soko huria kwa yote yaliyofuata. Mimi naona lawama hiyo ni nusu ya ukweli. Mkulima aliyezoea kulipwa kwa awamu, na kwa kuchelewa, hakuhitaji kushawishiwa sana na mtu aliyefika mlangoni na noti mkononi.

Hapa lipo jambo linalonikera kila nikilifikiria. Kahawa ileile ya Mbinga, ikishafika mikononi mwa msafirishaji wa nje, hupata ulinzi ambao mkulima hakuwahi kuupata. Muuzaji wa kimataifa anaweza kutumia benki kama mtu wa kati: hati za meli, ambazo bila hizo mnunuzi wa ng'ambo hawezi kuchukua mzigo, hukabidhiwa malipo yakiwa yamehakikishwa. Wala si ujanja wa wakubwa pekee. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, iliyorithiwa kutoka sheria ya Kiingereza ya 1893, inasema kwamba kukabidhi mali na kulipa huenda pamoja, isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine, na humpa muuzaji ambaye hajalipwa haki ya kuishikilia mali iliyo bado mikononi mwake.

Sasa tuteremke kutoka milimani hadi ziwani, Mbamba Bay au Liuli. Mtu anayeuza usipa mkavu kwa mnunuzi wa Songea au Dar es Salaam, aliyempata kwa picha alizoweka mtandaoni, hana benki ya kusimama kati wala karani wa chama. Ana simu na basi. Mnunuzi humtumia ujumbe unaofanana kabisa na ule wa kampuni ya simu: umepokea kiasi fulani. Au hutuma picha ya hati ya benki. Kisha huanza haraka: dereva anaondoka, mzigo upakiwe sasa hivi. Mwingine hudai ametuma fedha zaidi kimakosa na kuomba ziada irudishwe. Anayerudisha hutoa fedha zake mwenyewe.

Ujumbe si fedha. Muuzaji afungue mwenyewe menyu ya huduma yake ya fedha na kuangalia salio, asitumie kiungo wala namba aliyopewa na mnunuzi, na mzigo usiondoke kabla salio halijaongezeka. Namba ya siri haihitajiki kamwe ili kupokea fedha; anayeiomba, hata akijitambulisha kama mtumishi wa kampuni, anataka kuiba. Anayesema alizidisha malipo aelekezwe kwa kampuni yake ya simu, ambayo ndiyo yenye utaratibu wa kurudisha muamala. Kama mnunuzi ni mgeni kabisa, mzigo wa kwanza uwe mdogo, au mtu anayeaminika aukabidhi kule unakofika, baada ya malipo kuthibitishwa. Mnunuzi wa kweli ataudhika kidogo, kisha atalipa.

Akishatapeliwa, asifute chochote. Ujumbe na namba vitumwe 15040, namba iliyotengwa na TCRA kwa taarifa za utapeli, na polisi wapelekewe ujumbe huo pamoja na risiti ya basi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015.

Hata hivyo naona ni ajabu kumwachia mama wa usipa kazi yote hii peke yake. Vyama vya msingi vya kahawa vina maghala, mizani na makarani, na kazi yao ni kushika mali ya mtu hadi ilipwe. Vikundi vya wavuvi na wachuuzi wa ufukweni vingeweza kuwa na mtu mmoja wa namna hiyo Songea, kwenye stendi ya mabasi, mwenye ufunguo wa chumba na simu ya kuulizia kama salio limeingia.