Rwanda: SUV za umeme na mfuko wa mnunuzi wa kawaida
Mwaka 2021, Rwanda iliyaondolea magari ya umeme ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, hatua iliyoyasogeza magari aina ya SUV karibu na mnunuzi wa kawaida. Kwa kipimo cha Ulaya, MG ZS EV yenye betri ya kilowati-saa 51 huenda kilomita 320 kwa chaji moja. BYD Atto 3, yenye kilowati-saa 60.48, hufika 420. Kigali hadi Rubavu ni takriban kilomita 150, na milima hula chaji. Kwa mizunguko ya mjini, la kwanza latosha. Anayekwenda Rubavu na kurudi bila kuchaji njiani, la pili ndilo salama zaidi.