Kung'amua Mwandiko

Quinn ni jina la ukoo la kawaida nchini Ireland. Liandike kwa kalamu ya wino, kwa haraka, halafu hesabu kilichobaki baada ya herufi ya kwanza: u ina vistari viwili vya wima, i kimoja, n mbili zina vinne. Vistari saba vilivyoshikana, na nukta ya i imerukia juu ya n ya mwisho. Katika daftari la ubatizo la karne ya 19, msomaji mgeni anaweza kuona pale Guinn, au Quirm, au asione jina kabisa.

Elimu ya kusoma miandiko ya namna hii huitwa paleografia, neno lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kale" na "kuandika". Kazi yenyewe mara nyingi huelezwa kuwa ni "kusimbua maandishi ya kale". Sikubaliani na kitenzi hicho, wala na maandishi. Husimbuliwa kilichosimbwa, yaani ujumbe uliofichwa makusudi. Padre aliyekuwa na watoto kadhaa wa kubatiza siku hiyo hakumficha mtu kitu. Alifupisha kwa sababu yeye mwenyewe aliwajua wote. Na maandishi ni chochote kilichoandikwa, hata kwa mashine, ilhali mwandiko ni wa mkono wa mtu fulani. Zamani tungesema "ana hati nzuri", lakini siku hizi ukitaja hati watu wanafikiria kiwanja. Kwa hiyo napendekeza kung'amua mwandiko, na taaluma yenyewe iitwe elimu ya miandiko ya kale. Kung'amua ni kutambua jambo lililokuwa mbele ya macho bila kueleweka. Watanzania watakumbuka king'amuzi cha televisheni. Si kitu, neno ni pana kuliko kile kisanduku.

Kwa Waairishi, kazi hii ina uzito wa pekee. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu iliyokuwa katika majengo ya Four Courts, Dublin, iliteketea. Karibu karatasi zote za sensa za 1821 hadi 1851 ziliungua humo. Serikali nayo ilianza kuandikisha vizazi vyote mwaka 1864 tu. Hivyo mtoto wa mkulima maskini Mkatoliki aliyezaliwa kabla ya Njaa Kuu ya miaka ya 1840 huenda ameacha mstari mmoja tu duniani, nao umo katika daftari la parokia yake. Mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ireland iliweka picha za madaftari hayo kwenye intaneti bila malipo. Ni picha za mikrofilamu, nyeusi na nyeupe, na pale wino ulipopauka jina limebaki kivuli.

Tazama mstari huu wa Kilatini, niliouunda kwa mfano wa mingi: Baptizavi Jacobum, filium Danielis Sullivan et Hon. Leary. Yaani: nilimbatiza Jacobus, mwana wa Daniel Sullivan na Hon. Leary. Jacobum ni Jacobus, naye nyumbani aliitwa James. Jina la Kilatini hubadilika mkiani kama nomino zetu zinavyobadilika kichwani, kwa hiyo Jacobus, Jacobi na Jacobum ni mtoto yuleyule. Sullivan huyo pengine ndiye O'Sullivan wa vizazi vya baadaye. Thaddeus akitajwa kati ya wasimamizi wa ubatizo, mama yake alimwita Tadhg, kwa Kiairishi. Na akifika Marekani huenda akawa Timothy. Nasikitika kila ninapofikiri kwamba lile jina aliloitwa akiwa mgongoni mwa mama yake ndilo ambalo daftari halikuliandika.

Mwenye kung'amua haanzi na jina analolitafuta, kwa maana jicho lenye hamu huliona kila mahali. Huanza na maneno yasiyo na shaka: majina ya miezi, neno baptizavi, jina la parokia. Humo hujifunza J ya padre huyu ikoje, na L yake inatofautianaje na S. Padre akihamishwa, somo linaanza upya. Halafu huwatafuta ndugu wa mtoto. Wazazi walewale hurudi kubatiza tena na tena, na ukoo uliomezwa na doa la wino mwaka huu unaweza kusomeka vizuri kwa mdogo wake miaka miwili baadaye.

Na hilo Hon.? Yaelekea ni Honora, lakini o ikifumba kidogo hufanana na a, na Han. ingekuwa Hannah; tena kusini mwa Ireland mwanamke mmoja aliweza kuitwa yote mawili. Anayenukuu huandika Hon[ora?], mabano na alama ya kuulizia vikiwa mahali pake, kisha hufunua ukurasa kumtafuta mdogo wake Jacobus.